Mlicheka "Childrens", Swali Likabaki Bila Jibu

Wiki jana nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa kwa ile faili ya mathe. Mnaijua hiyo faili, kila nyumba iko nayo. Risiti za karo, kadi ya kliniki, picha za pasipoti za watu ambao siku hizi wamenenepa. Katikati ya hizo karatasi nikapata moja ya nilipokuwa kidato cha pili, ya mkutano wa wazazi. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: AGENDAS.

Nikakaa chini kwanza. Hiyo siku naikumbuka.

Mathe wangu huuza mboga sokoni. Siku hiyo aliachia jirani kibanda, akavaa nguo ya kanisa, akapanda matatu mbili mpaka shuleni. Mkutano ukaendeshwa kwa Kizungu mwanzo mwisho, hata maombi. Wakati wa maswali akainua mkono. Alitaka kujua pesa za maabara zilienda wapi, zile wazazi walikuwa wamelipa mwaka uliotangulia, kwa sababu maabara yenyewe ilikuwa bado ni mawe na mchanga nyuma ya jikoni. Alikuwa na risiti mkononi. Swali safi kabisa. Lakini alilianza hivi: "Our childrens..."

Watu wakacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha pua. Kilianza nyuma kwa wanafunzi, kikaenda mbele mpaka meza kuu. Mwalimu mkuu akatabasamu, akasema asante mama, tumesikia kuhusu "the childrens", watu wakacheka mara ya pili, akaita mtu mwingine. Mathe akaketi. Akakunja risiti yake, akairudisha kwa mkoba.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma. Sitawadanganya, nilicheka pia, kidogo tu, ndio wasijue ni mathe wangu.

Nilimaliza shule maabara ikiwa bado ni mawe. Na mathe hajawahi kuinua mkono tena kwa mkutano wowote wa Kizungu.

Sasa leo nataka tuongee kuhusu hiyo herufi moja, s. Nimekaa na hii kitu wiki nzima, nikasoma vile Kiingereza hutengeneza wingi wa majina yake, na nikagundua tulichekea mtu kitu ambacho Waingereza wenyewe walifanya.

Tuanze na hilo neno. "Children" tayari ni wingi mara mbili. Kwa Kiingereza cha kale, miaka elfu moja hivi iliyopita, mtoto aliitwa "cild" na watoto wakaitwa "cildru". Hapo wingi ulikuwa umeshakamilika, hiyo sehemu ya mwisho yenye r ndiyo iliubeba. Miaka ikasonga, matamshi yakabadilika, ikawa "childre" ama "childer". Shida ni kwamba maneno yaliyotumia hiyo r kuonyesha wingi yalikuwa machache sana, kwa hivyo masikio ya watu yakaacha kuisikia. Wakaona ni kama neno halijavaa kitu. Wakaongeza alama nyingine juu yake, ile -en unayoiona kwa "oxen". Ndio hiyo "children". Kaskazini mwa Uingereza na kule Ireland kuna watu waliendelea kusema "childer" kwa vizazi vingi, na ukitaka kuwa mkali wa sheria, hao ndio waliokuwa na wingi mmoja tu.

Kwa hivyo mathe alifanya nini? Alisikia neno halina alama ya wingi anayoijua, akaliwekea. Waingereza walisikia neno halina alama wanayoijua, wakaliwekea. Wao waliweka ya pili, yeye akaweka ya tatu. Wao hawakuchekwa kwa sababu walikuwa wengi na walifanya zamani.

Unadhani wewe hufanyi hivyo? Hebu sema hii: "Nawapenda mafans wangu." Hiyo ma- ya mbele ni wingi. Hiyo s ya nyuma ni wingi. Umeweka mbili na hakuna mtu ameona shida, kwa sababu s ya Kizungu imeingia Sheng ikapoteza nguvu, sasa tunahitaji ma- ndio tusikie ni wengi. Vile vile maboys, magirls, mafriends. "Mafans" ni "children" ya Nairobi. Tumetengeneza kwa njia ile ile, bila kikao, bila ruhusa.

Na matatu je? Vile inavyosimuliwa, jina lilitokana na nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Hiyo ma- ilikuwa ya wingi. Sisi tukaichukua ikawa jina la gari moja: matatu moja, matatu mbili. Halafu magazeti yetu ya Kizungu yakaongeza yao wakaandika "matatus". Wingi umebebana na wingi hapo, na sijawahi kusikia mhariri amechekwa.

Kiswahili sanifu pia si malaika. Neno kitabu lilitoka kwa Kiarabu, na kwa Waarabu hiyo ki- si kiambishi cha chochote, ni sehemu ya mzizi wa neno. Wingi wake kwao ni "kutub". Lakini masikio ya Mswahili yalisikia ki- yakasema, aah, huyu ni wa nyumbani, huyu ni ndugu ya kiti na viti. Tukapata vitabu. Fundi wa gari naye akasikia "mudguard", ikamfikia kama madigadi, akaona hiyo lazima ni wingi, basi moja akaiita digadi. Tanzania mzunguko wa barabara wanauita kipilefti, kutoka kwa kile kibao cha Kizungu cha kuambia dereva akae kushoto, na mizunguko miwili inakuwa vipilefti. Mimi naipenda hiyo sana. Hakuna aliyekosea hapo. Watu walichukua kitu kigeni wakakiingiza kwa mpangilio wao.

Waingereza walifanya hivyo hivyo. Zamani walikuwa na neno "pease" la njegere, na lilikuwa umoja. Lakini linaishia na sauti kama ya s, kwa hivyo watu wakadhani ni nyingi, wakakata mkia, wakapata "pea". Tunda la "cherry" ni hadithi hiyo hiyo: lilitoka kwa Wafaransa wa Normandy likiwa na s yake mwishoni, Mwingereza akadhani ni wingi, akaitoa. Yaani "pea" ni "digadi" ya Uingereza. Leo iko kwa kamusi na mtoto akiiandika anapewa alama.

Sasa, watu hupenda kusema Kiingereza hakina mpangilio. Si kweli. Kiko na mpangilio, ila kiko na mipangilio mingi iliyopita hapo na kila mmoja ukaacha viatu mlangoni. Kiingereza cha kale kilikuwa na njia kadhaa za kuunda wingi kwa wakati mmoja. Kulikuwa na kundi la -as, ambalo ndilo babu ya s ya leo. Kulikuwa na kundi la -an, ambalo ndilo lililoacha "oxen". Kulikuwa na maneno ambayo hayakubadilika kabisa, na ndio maana mpaka leo "sheep" ni mmoja na "sheep" ni mia. Na kulikuwa na yale yaliyobadilisha vokali katikati: "foot" na "feet", "goose" na "geese", "mouse" na "mice", "man" na "men".

Hawa wa mwisho usiwaone ni wachawi. Zamani zaidi, kabla Kiingereza hakijaandikwa, wingi wa maneno kama hayo ulikuwa na sauti ya i mwishoni. Ulimi ni mvivu, ukajua i inakuja, ukaanza kujipanga mapema, na vokali ya katikati ikavutwa mbele. Baadaye ule mwisho ukadondoka, lakini vokali ilikuwa imeshahama. Sisi tuko na kitu inafanana. Jino likiwa mengi unasema meno, kwa sababu ma- ilikutana na i wakashikana wakawa me. Jiko likawa meko. Halafu jicho likakataa, likawa macho badala ya mecho. Umewahi kuliuliza kwa nini? Hujawahi. Ulilisikia kwa shosho yako ukalichukua hivyo.

Sasa ngoja nikupe ile iliyonimaliza. Neno "book" lilikuwa kwa kundi moja na "foot". Wingi wake kwa Kiingereza cha kale ulikuwa "bec", vokali imebadilika kama kwa "feet". Kisha watu wakachoka nalo, wakalihamisha kwa kundi la s. Yaani "books" ni kosa la aina ile ile kama "foots". Mtoto wa Kizungu wa miaka mitatu akisema "foots" mama yake anamrekebisha huku anamkumbatia. Lakini wazee wake walisema "books" mpaka ikakaa. "Eyes" pia, zamani ilikuwa na n mwishoni, na ukisoma Shakespeare bado utakutana na "eyne". S imekuwa ikila maneno ya watu wengine kwa karne nyingi. Ilipofika kwa midomo yetu Kenya ikaendelea kula, na ghafla ikawa ni ushamba.

Kuna utafiti mmoja maarufu ulichapishwa mwaka wa 1958 na Mmarekani anaitwa Jean Berko. Alichora mnyama wa kubuni, kama kandege hivi, akamwita "wug". Akaonyesha watoto wa kati ya miaka minne na saba, akawaambia huyu ni mmoja, sasa wako wawili, wako wawili nani? Wengi wakajibu "wugs". Hilo neno hawakuwa wamewahi kulisikia maishani, kwa hivyo hawakukariri. Walikuwa na sheria kichwani. Lakini alipowapa neno la kubuni linaloishia na s, kama "tass", wengi walikwama. Walipaswa kusema "tasses", wakaliacha vile lilivyo. Hao ni watoto waliozaliwa ndani ya hiyo lugha, wakijifunza kwa maziwa.

Ukisema "childrens" ama "furnitures", ni hiyo akili ya "wug" inafanya kazi. Umeshika sheria na unaitumia. Kosa lako ni kwamba umeitumia mahali ambapo Kiingereza kiliamua kuringa.

Na tuongee kuhusu "furnitures", kwa sababu hapo ndipo Wakenya tunachinjwa. "Furnitures", "equipments", "luggages", "informations", "advices", "evidences", "feedbacks", "hairs". Walimu wanazichora wino mwekundu mpaka karatasi inatoa damu. Lakini angalia zinatoka wapi. Kwa Kiswahili tunasema kifaa kimoja, vifaa vitano. Mzigo mmoja, mizigo mitatu. Nywele zangu zimekatika, ni zangu, ni nyingi, nimeziona kwa kitana. Sasa unataka nikivuka kuingia Kizungu nianze kuona mizigo mitatu kama uji? Kwa sababu hivyo ndivyo Kiingereza kinavyofanya. Kinachukua "luggage" na "equipment" kinaviweka kikapu kimoja na maji na mchanga, vitu visivyohesabika. Ukitaka kuhesabu unaambiwa useme kipande cha mzigo, "a piece of luggage". Kipande, na mzigo uko mzima hapo miguuni pako!

Wafaransa wanahesabu. Kwao fanicha ni "meubles", mizigo ni "bagages", habari ni "informations", zote na s yao. Wajerumani wana "Möbel" za wingi na "Informationen". Mfaransa akifika London akasema "informations" anaambiwa lafudhi yake ni tamu. Mimi nikisema Nairobi naulizwa nilisomea wapi.

Na hapo ndipo nilitaka kufika. Sidhani hii aibu yetu ni ya sarufi. Ingekuwa ya sarufi tungechekea kila mtu.

Rudi kwa ile karatasi ya mathe. AGENDAS. Hilo neno ni la Kilatini, na kwa Kilatini "agenda" ni wingi tayari, umoja wake ni "agendum", yaani mambo ya kufanywa. Kwa hivyo "agendas" ni "childrens" iliyovaa suti. Ni wingi umewekewa s juu. Na usinielewe vibaya, leo Kiingereza kimeikubali, iko kwa kamusi, mwalimu mkuu hakukosea. Lakini ona vile mambo yalivyokuwa hiyo siku. Chini ya karatasi yenye wingi mbili kwa neno moja, mama alichekwa kwa kuongeza wingi kwa neno jingine. Neno la ofisi lilisamehewa na neno la soko likahukumiwa.

"Data" nayo kwa Kilatini ni wingi wa "datum". Mtu wa ofisi akiifanya umoja hakuna anayeshtuka. "Octopus" watu wasomi hupenda kuifanya "octopi" ndio waonekane wanajua Kilatini, na neno lenyewe ni la Kigiriki, kwa hivyo hiyo -i haina kazi hapo. "Octopuses" inatosha. Msomi akisema "octopi" anaonekana amesoma sana. Amekosea kwa ujasiri na tumempigia makofi.

Sasa tugeuze kioo. Ni wangapi hapa wanasema "vitu zangu", "viatu zake", "kitabu hizi"? Mimi nasema. Nimesema leo asubuhi. Ngeli za Kiswahili ndizo zinaonyesha umoja na wingi, na Nairobi tumezikunja zikawa mbili tatu hivi. Mtu wa Mombasa ama Zanzibar akitusikia anashika kichwa. Sisi tunacheka, tunasema huyo ni wa Kiswahili cha redio. Msee anaweza kuvunja wingi wa Kiswahili mara kumi kwa dakika moja na akaonekana ni mjanja wa mtaa. Akivunja wa Kiingereza mara moja anaitwa mshamba mpaka mwisho wa muhula. Ni kosa lile lile. Katiba ya 2010 inasema lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Lakini aibu yetu inajua moja tu.

Hiyo aibu tulifundishwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwa Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, vile wanafunzi wa wakati wa ukoloni wakishikwa wanaongea Gĩkũyũ walichapwa, ama wakavishwa kibao cha chuma shingoni chenye maneno ya kuwaita wajinga ama punda. Wakoloni walienda, kibao kikabaki. Shule yangu ya msingi tulikuwa na disk. Ukiongea lugha ya nyumbani unapewa, unaitembeza mpaka umshike mwenzako, na jioni aliyenayo anajua kinachomngoja. Unafundishwa kuwinda makosa kwa mdomo wa rafiki yako ndio wewe uwe salama. Ukikua hivyo, mama akisimama kuuliza pesa ziko wapi, masikio yako hayasikii pesa. Yanasikia s.

Nilimtumia rafiki yangu mmoja mwalimu wa Kiingereza haya mawazo kabla sijaandika. Akanijibu, na nampa haki yake: "Wewe andika, lakini msahihishaji wa KCSE hajui hadithi ya mamako. Akiona 'equipments' anakata alama. Na mtu wa mahojiano ya kazi pia anakata, kimya kimya, na hatakwambia."

Ni ukweli. Sitaki mtu asome hii aende kuandika "childrens" kwa barua ya kuomba kazi akisema mimi nilimpa ruhusa. Jifunze hizo sheria. Na si nyingi vile tunavyoogopeshwa. Neno likiishia kwa s, sh, ch, x ama z, unaongeza -es, kama "buses" na "boxes". Likiishia na y na kabla yake kuna konsonanti, y inakuwa -ies, kama "cities", lakini "boys" inabaki. Yenye f mwishoni mengi yanageuka v, "wives", "knives", "leaves", ila "chiefs", "roofs" na "beliefs" yamekataa na lazima uyashike hivyo. Ya o hayana adabu: "tomatoes" na "heroes" kwa upande mmoja, "photos" na "radios" kwa mwingine. Na ile orodha ya visivyohesabika, "furniture", "equipment", "luggage", "information", "advice", "homework", "evidence", iandike kwa karatasi ubandike ukutani. Usitafute mantiki hapo. Ishike vile ulishika macho na meno.

Hata matamshi yako na njia. Weka vidole kwa koo useme "cats", halafu "dogs". Ya kwanza inaisha na s, ya pili inaisha na z, kwa sababu koo lilikuwa linatetemeka kabla hujafika mwisho. Kwa "buses" unaweka kavokali katikati kwa sababu s mbili haziwezi kusimama pamoja. Hiyo tu. Hakuna mtu anazaliwa nayo kwa damu.

Lakini kujua sheria ni kitu kimoja, na kuitumia kunyamazisha mtu ni kingine. Kwa karatasi ya mtihani, kata alama, hiyo ndiyo kazi ya mtihani. Kwa mkutano wa wazazi hakuna mtihani. Kwa hospitali mgonjwa akieleza vile anaumwa hakuna mtihani. Kwa baraza mzee akiuliza barabara itajengwa lini hakuna mtihani. Kwa mahojiano ya fundi wa umeme unapaswa kujua kama nyaya zake zitashika moto. S ya "equipments" haitachoma nyumba.

Na nimeona faida ya hicho kicheko inaenda kwa nani. Siku ile haikwenda kwa sisi wanafunzi. Hatukupata maabara. Kemia niliifanya kwa kuchora kopo la majaribio ubaoni. Faida ilienda kwa meza kuu, kwa sababu walipewa dakika mbili za kucheka badala ya dakika mbili za kujibu. Sijui kama hizo pesa zililiwa ama zilikwama mahali. Sijui kwa sababu hakuna aliyejibu, na hakuna aliyejibu kwa sababu tulikuwa tunacheka. Mimi nikiwa mmoja wao.

Kwa hivyo ninachoomba ni kidogo. Mtu akikosea wingi mbele yako na umemwelewa, jibu kwanza alichouliza. Ukitaka kumrekebisha, ngoja mtoke nje, umwambie pole pole kama vile ungetaka kuambiwa una mchicha kwa meno. Ukisikia wengine wanacheka, rudia swali lake kwa sauti. Hata kwa Kiswahili. Hasa kwa Kiswahili. Na wanaoendesha mikutano ya wazazi, mnajua vizuri nusu ya ukumbi haiko huru kwa Kizungu. Kuna lugha nyingine rasmi. Itumieni.

Jana jioni nilimwonyesha mathe ile karatasi. Nikamweleza hadithi yote, "cild", "cildru", "children", vile Waingereza waliongeza wingi juu ya wingi, vile "agendas" yenyewe ina mbili. Nikamwambia pia nilicheka ile siku. Hilo ndilo nililoogopa kusema. Alikuwa anachambua sukuma. Akanyamaza kidogo, akaniangalia.

"Nilikuona," akasema.

Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akauliza, "Sasa hiyo maabara, walikuja kujenga?"

Nikamwambia sijui, mami. Akaniambia nimtafutie ile risiti, iko kwa hiyo faili. Nimeitafuta, iko. Shule bado iko, na mkutano wa wazazi huwa kila muhula. Ndugu yangu mdogo ameingia huko mwaka huu.

Tutaenda wawili. Yeye atauliza kwa lugha atakayotaka.